Kabla ya kura kuna liste: nani anachagua wagombea wa Kivu Kaskazini?

Familia nyingi za Goma zina ndugu waliopelekwa Marekani. Walio na uraia huko wakati mwingine wanapiga simu na kusema wanaenda kupiga kura, hali uchaguzi wenyewe ungali mbali. Huku watu wanashangaa: ni kura gani tena hiyo? Wanaelezwa kwamba mbunge wa eneo fulani ameamua kutogombea tena, kiti kimebaki bila mwenyewe, na watu watano au sita wa chama kimoja wanakitaka. Basi raia wa eneo hilo wanaenda kwanza kupiga kura ili kuamua nani kati ya hao sita atabeba bendera ya chama. Uchaguzi wenyewe unakuja baadaye.

Kwa Kiswahili cha Tanzania jambo la namna hiyo linaitwa kura ya maoni, na Wakenya wanasema mchujo. Goma hakuna neno lililozoeleka, kwa sababu jambo lenyewe halijazoeleka. Lakini mchujo upo Kongo, na ulikuwepo kabla ya uhuru. Kila mara wagombea walichujwa, wengine wakabaki, wengine wakatupwa nje. Kinachobadilika ni chumba ambamo kazi hiyo inafanyika, na nani amekaa ndani.

Tuanze na wakati wa Wabelgiji. Kura za kwanza za miji zilipigwa Desemba 1957, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, leo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Mwaka uliofuata zilifika Bukavu na miji mingine michache. Goma ilikuwa bado kituo kidogo cha utawala, haikuhesabiwa. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, na zilikuwa kura za kuchagua washauri wa mitaa, si wabunge.

Mkutano wa Meza ya Duara, Brussels, ulimalizika Februari 1960, na tarehe ya uhuru ikawekwa: 30 Juni. Uchaguzi wa wabunge ulifanyika Mei. Hesabu ni rahisi: vyama vilikuwa na karibu miezi mitatu kutafuta wagombea wa nchi nzima. Kivu, chama kilichokuwa na nguvu ni Cerea, kilichozaliwa mwaka 1958 na kilichojulikana zaidi kwa jina la Anicet Kashamura. Chama cha miaka miwili hakikuwa na matawi yenye vitabu vya wanachama hadi vijijini, wala muda wa kuita watu wa Rutshuru au Walikale wapige kura kuhusu nani asimame. Anayejua Kifaransa, anayejulikana na mwami, aliyewahi kuwa karani au mwalimu, huyo ndiye jina lake lilikwenda kwenye karatasi. Na mahali pengine mwami mwenyewe, au mtu wake, ndiye aligombea.

Cerea ilipata viti 10 katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 137. Kashamura akawa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba, na mwenzake wa chama, Marcel Bisukiro, akapewa biashara ya nje. Kisha chama kikapasuka. Kulikuwa na mrengo wa Kashamura na mrengo wa Jean-Chrysostome Weregemere, na kila upande ukasema ndio Cerea ya kweli. Watu waliopigia kura chama kimoja wakajikuta na viwili. Ugomvi huo mara nyingi unasimuliwa kama uchu wa vyeo vya Kinshasa, na uchu ulikuwepo. Lakini chama ambacho wanachama wake hawajawahi kuulizwa nani awaongoze, kikigawanyika, hakina njia ya kuamua nani mwenye haki.

Mwaka 1965 kura zilipigwa tena, wabunge 167. Bunge hilo halikuzeeka: tarehe 24 Novemba mwaka huohuo Mobutu alichukua madaraka.

Wazee wa Goma wenye miaka sitini na zaidi wanakumbuka vizuri kilichofuata, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu vijana wengi wanafikiri wakati wa Mobutu hakukuwa na uchaguzi wowote. Ulikuwepo. MPR ilianzishwa mwaka 1967. Mwaka 1970 Mobutu aligombea urais peke yake, na matokeo rasmi yalihesabu kura 157 tu za kumkataa katika nchi nzima. Mwezi huohuo wa Novemba raia waliletewa liste moja ya wabunge, majina 420, yote ya MPR. Unaikubali yote au unaikataa yote. Mchujo ulikuwa umeshafanyika Kinshasa, ndani ya Ofisi ya Siasa ya chama.

Mwaka 1975 hata karatasi iliondolewa. Raia walikusanywa viwanjani, majina yakasomwa, watu wakapiga makofi. Makofi ndiyo yalikuwa kura. Aliyepigiwa makofi akawa komiseri wa watu, ndilo jina walilopewa wabunge wakati huo.

Halafu kukatokea jambo ambalo linasahaulika. Mwaka 1977, baada ya vita vya kwanza vya Shaba, Mobutu alikuwa amebanwa na marafiki zake wa nje, akatangaza kwamba uchaguzi utafunguliwa. Chama kilibaki kimoja, MPR, na Ofisi ya Siasa ilibaki na haki ya kukataa jina. Lakini safari hii wagombea walikuwa wengi kuliko viti, na raia alichagua kati yao kwa siri. Kwa maneno mengine, ulikuwa uchaguzi wa ndani ya chama ambao umefanywa kuwa uchaguzi wa nchi. Kati ya yote yaliyojaribiwa Kongo, huo ndio unaokaribia zaidi ile kura ya mchujo ya Marekani.

Bunge lililotoka humo lilikuwa na mdomo. Wajumbe walianza kuita mawaziri na kuwauliza pesa zimekwenda wapi. Mobutu alivumilia kwa muda, kisha akaanza kukata mamlaka yao. Mnamo Novemba 1980 wajumbe 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, waliandika barua ya wazi ya kurasa zaidi ya 50 kwa Mobutu, wakieleza ubaya wa utawala wake. Walikamatwa, wengine wakapelekwa vijijini kwao kwa nguvu. Februari 1982 wakazaa UDPS. Chaguzi mbili zaidi zilifuata kwa mtindo huo, 1982 na 1987.

Haisemwi hapa kwamba MPR ilikuwa chama cha demokrasia. Magereza yake yanajulikana. Lakini inafaa kuona kwamba mlango ulipofunguliwa kidogo tu, raia wakapewa majina mawili au matatu badala ya moja, ndani ya miaka mitatu walipatikana watu wa kumwambia mkubwa ukweli. Mobutu aliliona hilo mapema kuliko wapinzani wake.

Majirani walikuwa wamefika hapo kabla. Tanzania, chini ya TANU, ilifanya mwaka 1965 uchaguzi wa chama kimoja wenye wagombea wawili karibu kila jimbo. Mkutano wa chama wa wilaya ulipiga kura juu ya wote walioomba, Halmashauri Kuu ikachagua wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Paul Bomani, aliyekuwa waziri wa fedha, alishindwa. Hakuna aliyemfukuza, ni watu wa eneo lake waliokataa tu.

Kenya ilionyesha upande mwingine. Mwaka 1988 KANU iliamuru kura ya mchujo ipigwe kwa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mtu wako, uwanjani, mbele ya chifu na mbele ya jirani. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa moja kwa moja, bila kura ya siri tena. Mahali pengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na watu waliokuwa wamesimama pale wakaona kwa macho yao. Hasira ya mwaka huo ilikuwa kati ya mambo yaliyosukuma Kenya kurudisha vyama vingi mwishoni mwa 1991. Kwa hiyo mchujo wenyewe hauna baraka ndani yake. Ukifanyika hadharani mbele ya wenye nguvu, unakuwa njia nyingine ya kuhesabu waoga.

Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyama vilizaliwa kwa mamia. Uchaguzi haukuja. Ikaja vita ya Masisi mwaka 1993, wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, vita ya AFDL mwaka 1996, ya RCD mwaka 1998, na Goma ikawa makao makuu ya uasi huo wa mwisho. Baada ya mkataba wa Pretoria wa Desemba 2002 kulikuwa na bunge la mpito la watu 500, wote wameteuliwa na makundi yaliyosaini: waasi wa zamani, serikali, upinzani, mashirika ya raia. Tangu 1987 hadi 2006 ni miaka 19. Mtu aliyezaliwa Goma mwaka wa kura ya mwisho ya Mobutu alifikia umri wa kupiga kura bila kumwona jirani yake yeyote akichagua mbunge.

Ndiyo maana tarehe 30 Julai 2006 mistari ilianza kabla ya jua kutoka. Na ndipo raia walikutana na kitu kipya: karatasi kubwa kama gazeti, yenye picha nyingi za nyuso. Viti vilikuwa 500 na wagombea zaidi ya 9,000. Mwaka 2011 walipita 18,000. Wengi walicheka kwamba kila avenue ina mgombea wake. Lakini sheria ya uchaguzi, ile ya Machi 2006 pamoja na marekebisho yake, ina ufundi ambao mpaka leo wagombea wenyewe hawauelezi mikutanoni.

Ufundi ni huu. Pale ambapo eneo la uchaguzi lina kiti kimoja, mwenye kura nyingi anashinda, basi. Lakini maeneo mengi yana viti kadhaa, na huko kura yako inafanya kazi mbili. Unaweka alama kwa mtu mmoja, na kura hiyo kwanza inaingia katika mfuko wa liste yake. Viti vinagawanywa kwa liste kufuatana na ukubwa wa mfuko. Ndani ya liste, aliye na kura nyingi ndiye anayekaa.

Chukua mfano wa kufikirika: eneo lenye viti 4 na kura 100,000. Kila kura 25,000 zinanunua kiti. Liste ya kwanza imepata 30,000, ya pili 28,000, ya tatu 20,000, ya nne 12,000, na 10,000 zimetawanyika kwa wadogo wengi. Liste ya kwanza inachukua kiti kimoja na kubaki na 5,000. Ya pili inachukua kimoja na kubaki na 3,000. Viti viwili vinavyobaki vinakwenda kwa wenye masalio makubwa, yaani liste ya tatu na ya nne. Sasa tazama ndani. Katika liste ya kwanza mgombea mmoja alipata 14,000 na mwenzake 9,000. Wa 9,000 anarudi nyumbani. Katika liste ya nne, aliyeongoza alipata 6,000 tu. Huyo anapanda ndege kwenda Kinshasa.

Basi adui wa kweli wa mgombea ni mwenzake wa chama kimoja. Afishi zao zina rangi moja na wanaimba wimbo mmoja, lakini kila mmoja anajua kwamba kura ya mwenzake inajaza mfuko na wakati huohuo inamzuia yeye. Ni mchujo wa chama uliofichwa ndani ya uchaguzi mkuu, siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo. Ndiyo sababu wakati wa kampeni Goma watu wa chama kimoja wanaonekana kugombana kuliko watu wa vyama vinavyopingana. Na ndiyo sababu mkubwa wa chama anapenda kuweka kwenye liste watu wanne wa kujaza mfuko kwa ajili ya mmoja anayemtaka: kijana wa kata hii, mama wa soko lile, mwalimu wa kijiji kile. Wanaambiwa wana nafasi. Hesabu ilishafanywa bila wao.

Wakina mama wanaijua nafasi hiyo vizuri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inasamehe malipo ya dhamana kwa liste yenye angalau nusu wanawake. Malipo hayo hayarudishwi hata ukishindwa, kwa hiyo msamaha ni mkubwa, na vyama vingine viligundua ghafla kwamba vina akina mama wengi wenye uwezo. Kuna walioingia bungeni kwa nguvu yao wenyewe. Wengine walikuwa pale kwa ajili ya kuokoa pesa.

Nani anaingia kwenye liste? Sheria haisemi chama kifanye kura ya ndani. Inasema tu kwamba mtu aliyepewa mamlaka na chama anapeleka majina kwenye ofisi ya CENI ya kupokea wagombea. Karatasi moja, sahihi moja. Vyama vinaweza kuitisha mkutano kwa ajili ya cheo cha juu: UDPS ilimchagua Félix Tshisekedi kuwa mwenyekiti katika kongamano la 31 Machi 2018, Kinshasa, mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake. Lakini liste za wabunge ni mambo ya ofisi, simu, na mara nyingi bahasha.

Kuna pia wale wasaidizi wawili ambao kila mgombea anawataja, suppléants. Mbunge akifa au akijiuzulu, wa kwanza wao anakaa. Akiitwa kuwa waziri, anakaa pia, na tangu katiba ilipoguswa Januari 2011 mwenyewe anaweza kurudia kiti chake akitoka serikalini. Kwa sababu hiyo Kongo karibu hakuna kiti kinachobaki wazi kama kile cha Marekani. Kabla hakijapoa kimeshakaliwa. Na waliomo kwenye karatasi hiyo ndogo ni bibi wa mgombea, mtoto wake, mdogo wake. Majina hayo yapo kwenye karatasi ya CENI tangu mwanzo. Mpiga kura mmoja kati ya wangapi anayasoma?

Mwaka 2017 ukaongezwa mlango mwingine. Ili liste ipate hata kiti kimoja cha bunge la taifa, chama au muungano wake lazima ufikishe asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Mtu anaweza kuwa wa kwanza Nyiragongo na bado akakosa, kwa sababu chama chake hakikupigiwa kura Kwilu na Tshopo. Sheria ya 2022 ikaongeza kwamba chama kiweke wagombea katika angalau asilimia 60 ya viti, la sivyo liste zake hazipokelewi. Wanaotetea sheria hizo wanasema zinapunguza vyama vya mkobani, na kweli vilikuwa vingi. Lakini matokeo yake kwa Kivu ni kwamba chama cha watu wa hapa, cha kutetea mashamba ya Masisi au barabara ya Walikale, hakiwezi tena kusimama peke yake kama Cerea ilivyosimama. Lazima kiingie ndani ya muungano mkubwa wenye mkubwa wake Kinshasa, na mkubwa huyo ndiye anayeshika kalamu. Baada ya kura za 2023 CENI ilitangaza miungano na vyama 44 vilivyopita asilimia hiyo moja.

Hayo yote yanawahusu wale walioruhusiwa kufika kwenye sanduku. Kivu Kaskazini ina historia ya pili, ya wale ambao hawakufika.

Mwaka 2011 raia wa Masisi walipiga kura, lakini fujo na vitisho vilikuwa vikubwa hadi CENI yenyewe, mwanzoni mwa 2012, ikaomba Mahakama Kuu ifute matokeo katika maeneo saba ya nchi, Masisi ikiwa mojawapo. Mwaka 2018, siku chache kabla ya kura ya 30 Desemba, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, watangoja hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Rais aliapishwa Januari. Kura zao kwa ajili ya rais hazikuhesabiwa kamwe, walibakiziwa za wabunge tu.

Watu wa Beni walifanya jambo ambalo linastahili kukumbukwa. Tarehe 30 Desemba, siku ambayo nchi nzima ilikuwa inapiga kura, walijitengenezea kura yao. Wakasimama mistari mirefu, wakanawa mikono kwanza kwa sababu ya Ebola, wakaandika jina kwenye karatasi, wakatia ndani ya sanduku, wakahesabu hadharani. Haikuwa na nguvu yoyote ya sheria. Hakuna mkubwa wa chama aliyewapangia liste, hakuna mashini, hakuna dhamana. Maelfu walikuja.

Kisha 2023. Mwisho wa 2021 M23 ilikuwa imerudi vitani. Bunagana ilianguka Juni 2022, na mwisho wa mwaka huo Kanyaruchinya ilijaa mahema. Uandikishaji wa wachaguzi ulifika Kivu Kaskazini Februari 2023, lakini Masisi na Rutshuru haukuweza kufanyika kwa namna ya kawaida. Kura za 20 Desemba 2023 zikapita bila wilaya hizo mbili, na bila Kwamouth kule magharibi ambako kulikuwa na vita vingine. Kwa hiyo mara ya mwisho mtu wa Kitshanga, Kiwanja au Rubaya kumchagua mbunge ni 30 Desemba 2018. Mtoto aliyekuwa na miaka 11 siku hiyo alitimiza 18 mwaka 2025.

Katika kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo, kabla hazijavunjwa Februari 2025, swali hilo lilikuwa linaulizwa kwa namna nyingine: tukiandikishwa hapa tulipo, tutampigia nani? Kwa kura ya rais jibu ni jepesi, kwa maana nchi nzima ni eneo moja. Kwa mbunge ni gumu. Karte inamfunga mtu kwenye kituo alikoandikishwa. Anayeandikishwa Goma anachagua kati ya nyuso za Goma, watu ambao shamba lake la Masisi hawalijui. Akingoja kurudi kwao ndipo aandikishwe, hapigi kura. Familia nyingi zilikuwa na wote wawili ndani ya hema moja, aliyepata karte ya mjini na aliyebaki na ile ya zamani yenye jina la kijiji, na wakagombana juu ya nani alifanya vizuri.

Wakati huo liste za vyama kwa Masisi na Rutshuru hazikuhitajika. Mabwana wa vyama walipata nafasi ya kupumzika upande huo. Lakini siku kura itakapotangazwa tena, karatasi hizo zitajazwa kwa wiki chache, kama mwaka 1960. Raia watakuwa wametawanyika Goma, Minova, Bukavu, Uganda, na wengine wamerudi kwenye nyumba zilizobomolewa. Kusema kweli, hata chama chenye nia njema kitapata shida kujua kiulize nani.

Na kuna kitu ambacho raia wa wilaya hizo mbili wanakitaja sana. Baada ya kura za 2023, CENI ilifuta matokeo ya maeneo mawili kwa sababu ya wizi: Masimanimba, jimbo la Kwilu, na Yakoma, Nord-Ubangi. Huko wagombea walirudi kwenye kampeni na raia wakapiga kura upya tarehe 15 Desemba 2024. Masisi na Rutshuru, ambako hakuna aliyeiba kura kwa kuwa hakuna iliyopigwa, hawakupewa tarehe siku hiyo.